Sili Mbili za Mtani Wangu

Vijana wa ghala mliniomba, siku mbili kabla sijarudisha funguo, niwaandikie "mambo ya kazi". Haya, nimeandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuja nikiwa nimeshakizoea cha kwanza. Mshahara nao mnaujua, maana ni huo huo mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi. Nitaandika juu ya njiwa, paa, risasi, na Mzee Ndahani, ambaye wengi wenu mlimkuta akiwa mtu wa adabu nyingi mkadhani ndivyo alivyozaliwa.

Siku yangu ya kwanza katika ghala la mbegu nilivaa shati jeupe. Meneja wa wakati ule alinipeleka katikati ya ghala, akanisimamisha kati ya marundo mawili ya magunia, akaniambia nitazame juu. Nilitazama, na njiwa mmoja akanikaribisha begani. "Hiyo ndiyo kazi yako," meneja akasema, akaenda zake. Mbegu yenye kinyesi cha ndege haiuziki, na mkaguzi wetu alikuwa mtu wa kukataa rundo zima kwa doa moja. Walishajaribu ngoma, makopo, moshi wa pilipili na paka wawili. Paka walinenepa kwa panya na hawakuwahi kunyanyua macho.

Silaha niliyokabidhiwa ilikuwa bunduki ya upepo, ile unayoivunja katikati kukaza springi, halafu unatia kidonge kimoja cha risasi na kuifunga. Kitako chake kilikuwa kimefungwa waya. Kibali chake kutoka polisi kilikuwa ndani ya fremu, ukutani, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Nilipiga mara moja asubuhi ile. Njiwa hakushtuka hata kidogo, bali bati lilitoboka. Mvua za Desemba zilipokuja, maji yalipita kwenye tundu langu yakatua juu ya gunia moja la mahindi, na baada ya siku kumi gunia lile lilikuwa limeota majani. Meneja alilitazama, akasema walau sasa tuna uhakika mbegu zetu ni nzima.

Vidonge vya dukani vilikuwa vikitoka Dar es Salaam, kila kopo na ukubwa wake. Vingine vililegea ndani ya mtutu, vingine ilibidi uvisukume kwa kijiti. Baadaye hata hivyo vikaacha kuja. Ndipo nilipokwenda kwa Mzee Sudi, sonara wa mjini, ambaye ukoo wake umefua vikuku na hereni hapa Tabora tangu enzi za misafara. Nilimweleza kwamba bunduki yangu ni mbovu. Aliinua mtutu, akachungulia mwanga kwa jicho moja, akanirudishia.

"Kasimu mwanangu, bunduki haina neno," alisema. "Tatizo ni hayo makapi unayoilisha."

Alinichongea kalibu ya shaba, vipande viwili vinavyofungana kama koleo, na ndani yake tundu moja dogo. Unayeyusha madini ya risasi kwenye kijiko cha chuma juu ya mkaa, unamimina, unahesabu hadi kumi, unafungua, kinadondoka kipisi. Nilikiita kipisi kwa sababu hakikuwa na kile kiuno cha vidonge vya dukani. Kilikuwa kinene, kifupi, na kitakoni kina kishimo kidogo cha kupokea upepo. Mzee Sudi alinifundisha kukaa upande upepo unakotokea ili nisivute moshi, kunawa mikono kabla ya kugusa chakula, na kutochanganya kamwe vipande vya risasi usivyojua vilikotoka. Kila kipande ukiyeyushe peke yake, na vipisi vyake vikae peke yake. Nilipouliza kwa nini, alijibu kwamba yeye hachanganyi dhahabu za wake wawili wa mume mmoja, na hajawahi kugombana na mtu.

Vipisi vyangu vya kwanza vilikuwa virefu mno. Vilitoka kwenye mtutu vikipinduka, vikagonga boksi la majaribio kwa ubavu na kuacha tundu lenye umbo la punje ya mchele. Nikavifupisha. Vikaenda sawa, lakini vikawa vyepesi na kasi yake ikazidi, na bati likatoboka tena. Nikaongeza uzito kidogo kidogo. Nilichokuwa nakitafuta ni kipisi kizito kiasi cha kumwangusha njiwa kwenye kenchi za paa, na cha polepole kiasi kwamba nikikosa, bati libonyee tu lisitoboke. Kila kipisi nilikipitisha kwenye tundu la chuma ili vyote vilingane unene, halafu nikakipaka nta ya nyuki, ambayo Tabora haijawahi kutuishia. Uzito huo niliupata mwaka wa nne. Wenzangu walikuwa wameoa na kujenga katika muda huo.

Kupima nilipimia maabara, kwenye mizani ya Dada Tabitha. Alikuwa Mmoravian mwenye msimamo, kazi yake kuhesabu punje kwa koleo dogo na kuona ngapi zitaota.

"Baba Mwanahamisi, mizani hii ni ya mbegu," aliniambia siku ya kwanza.

"Na hizi ni mbegu, dada. Zinapandwa juu."

Alinikubalia saa ya chakula cha mchana tu, kwa sharti kwamba nifute sahani ya mizani mara tatu, kwa sababu risasi ni sumu, na yeye hakutaka kuja kueleza mbele za Mungu jinsi wakulima wa Urambo walivyokula vipisi vyangu. Kati ya vipisi kumi nilitupa vinne. Vilivyopita nilivipanga kwenye viberiti, kila kiberiti kikiwa na jina la kipande kilikotoka.

Sasa, risasi ya kuyeyusha yenyewe. Ya betri za gari ipo tele lakini haifai, maana ni ngumu, inajikunja kwenye kalibu na haishiki vizuri mistari ya ndani ya mtutu. Mzee Sudi alinipa kipimo kisichohitaji maabara. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukiacha alama, ni risasi laini, yeyusha. Ukiumia ukucha, ni ya betri, mrudishie aliyekupa. Na risasi laini kuliko zote niliipata mlangoni kwetu. Mabehewa ya mbegu yalipokuja, kila mlango ulikuwa umefungwa kwa waya wenye sili ya risasi iliyobanwa muhuri wa namba. Mtunza ghala anazikagua, anakata waya, magunia yanashushwa, na kama mzigo umetimia sili hazina kazi tena. Mtunza ghala wetu alikuwa Ndahani, na kwa miaka mingi aliziweka kwenye kopo la maziwa dirishani kwake, nami nikapita na kuzichukua.

Ndahani alikuwa Mgogo. Mimi ni Mnyamwezi wa Isevya. Ninyi wa siku hizi mnasikia utani mnadhani ni vichekesho vya kwenye simu. Wetu ulizaliwa njiani. Mababu zangu walipita Ugogo wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na mababu zake wakawatoza kwa kila kata ya maji. Siku tulipofahamiana aliniuliza kabila, nikamwambia, akavuta kiti. "Tua mzigo unywe maji," akasema. "Lakini hapa hayanywewi bure." Nikamjibu kwamba nyumbani kwetu maji wanauza wachawi tu. Kuanzia hapo hatukusalimiana tena kama watu. Alikuwa amenizidi miaka mitano, na sikumpa shikamoo hata siku moja. Mtani hapewi shikamoo, na mtani haombwi kitu, chake huchukuliwa tu. Alichukua kofia yangu ya kazini akaivaa mwaka mzima mbele ya macho yangu. Mimi nilikaa mezani kwake nikala ugali wake na samaki, yeye akiwa anatazama. Baba yangu alipofariki, Ndahani alijilaza njiani mbele ya jeneza, akadai marehemu hatapita mpaka lilipwe deni la maji. Watu waliokuwa wakilia walicheka, na mimi, niliyekuwa sijaweza kulia tangu asubuhi, nikalia.

Nawaeleza haya ili muelewe nilichofanya, si ili mkisamehe.

Lilikuja behewa moja la mbegu za alizeti. Jioni ile, wapakuzi wakiwa wameshaondoka, nilipita ofisini kwa Ndahani kama kawaida. Yeye alikuwa nje. Kopo la dirishani lilikuwa tupu. Nikavuta droo ya meza yake, nikaona sili mbili zimefungwa ndani ya karatasi, na karatasi imekazwa kwa mpira. Nilicheka peke yangu. Nikajisemea, mtani leo ameamua kunificha. Nikazitia mfukoni, na ndani ya ile karatasi, ili kukamilisha utani, nikafunga mifupa ya samaki wake wa mchana.

Niliziyeyusha kesho yake asubuhi, moja moja kama nilivyofundishwa. Ya kwanza ilitoa vipisi vizuri, laini, na kufika adhuhuri njiwa watatu walikuwa wamevionja. Ya pili ilinikasirisha. Vipisi vilitoka na mikunjo, ukucha haukuingia, na mizani ya Dada Tabitha ilionyesha ni vyepesi kuliko ndugu zao waliotoka kalibu ile ile. Niliviweka kwenye kiberiti nikaandika "NGUMU – behewa la alizeti". Sikufikiri zaidi. Miaka yote ile nilikuwa nimejifunza kusikiliza risasi ili kujua itarukaje. Haikunijia kamwe kwamba inaweza kuwa na jambo jingine la kusema.

Mchana ule ule habari zikatoka. Magunia kumi na manane ya alizeti hayakuwemo ndani ya behewa. Ndahani alisema sili moja aliitilia shaka tangu alipoikata, kwamba muhuri wake haukukaa sawa, na ameihifadhi kwa ushahidi. Meneja, huyu si yule wa mahindi, ni aliyemfuata, alimwambia ailete. Ndahani alifungua karatasi mbele yake na ikatoka mifupa ya samaki.

Akasimamishwa kazi kusubiri kikao. Watu wakaanza kusema kwamba mtunza ghala ameuza mbegu akabuni hadithi ya sili. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Mke wake alikuwa mgonjwa wa figo, na matibabu yake yalipita kwenye bima ya kazi ya mumewe. Haya yote niliyajua. Na Ndahani naye alijua ni nani anayeweza kufunga mifupa ya samaki kwenye karatasi yake. Hakunitaja. Alisubiri niseme mwenyewe.

Nilikaa kimya siku tisa.

Nimejaribu mara nyingi kuziandika siku hizo vizuri. Siku ya kwanza nilijiambia jambo litaisha lenyewe. Ya pili nilijiambia nitamwona meneja kesho. Ya tatu ilikuwa sikukuu. Kuanzia ya nne sikujiambia kitu, niliogopa tu. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kesi ya kuharibu ushahidi, niliogopa hata kunyang'anywa bunduki. Mke wangu Mwajuma aliniuliza mbona sili chakula, nikamwambia ni moshi wa risasi.

Siku ya kumi kikao kiliketi. Walikuwa meneja, mkuu wa utumishi, na afisa kijana aliyetumwa kutoka makao makuu na kompyuta yake. Ndahani alikaa kwenye benchi, amevaa koti. Nilibisha hodi bila kuitwa, nikasema sili nilizichukua mimi, nikaziyeyusha, nikapigia njiwa.

Kikao kizima kikaangua kicheko. Meneja alifuta machozi. "Kasimu na Ndahani hawa," alimweleza mgeni. "Ni watani. Hata siku ya mwisho atakuja kumchezea tu."

"Mzee, usituzingue, tuna ripoti ya kuandika," afisa kijana akasema, naye akitabasamu.

Niliapa. Wakacheka zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshaapa mara nyingi katika jengo lile kwamba Ndahani ni mchawi. Nilieleza ile mifupa ya samaki, na mkuu wa utumishi akashika mbavu. Nilimtazama Ndahani. Yeye peke yake hakuwa anacheka. Nikamsogelea, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo, Mzee Ndahani."

Meneja aliacha kucheka neno likiwa bado hewani. Alikuwa Msukuma, alielewa. Mkuu wa utumishi akaelewa. Afisa kijana hakuelewa, lakini alipoona wenzake wamenyamaza alifunga kompyuta.

Ndahani alifunga kifungo cha koti lake. "Marahaba," akajibu.

Ndipo nikatoa viberiti viwili mfukoni. Nilimwomba afisa abonyeze kwa ukucha kipisi kimoja kilichobaki cha sili ya kwanza, na alama ikabaki. Nikampa kimoja cha sili ya pili. Alibonyeza, akauma midomo, akatazama ukucha wake. Nikadondosha vyote sakafuni, kimoja kimoja. Kile laini kilifanya pu, kile kigumu kikalia. Niliwaambia kwamba kwa miaka yote nimeyeyusha mamia ya sili za mabehewa na sijapata hata moja ngumu, na kwamba risasi hii ni ya betri ya gari, na kwamba mtu mwenye sili halali mkononi, kama Ndahani, hana haja ya kutengeneza nyingine kwa betri. Dada Tabitha aliitwa na daftari lake. Alisoma uzito wa kila kipisi kwa sauti ya kusoma somo kanisani, kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba siku ile sikufuta sahani ya mizani mara tatu.

Uchunguzi ukahamia njiani. Baada ya wiki mbili ilithibitika kwamba behewa lilifunguliwa kabla ya kufika kwetu na kufungwa upya kwa sili ya bandia. Waliohusika si watu wenu wala wangu, na sitawaandika. Ndahani alirudishwa kazini kwa barua ya kuombwa radhi. Mimi nilipewa barua pia, ya onyo kali, na bunduki ikapelekwa polisi na kibali chake ndani ya fremu. Mwaka uliofuata ghala liliwekewa nyavu chini ya paa, na zikafanya kwa siku tatu kile nilichokuwa nakitafuta kwa miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyewahi kuzipima uzito.

Siku aliyorudi nilimkuta langoni. Nilikuwa nimeandaa matusi mazuri usiku kucha, ya kumkaribisha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kuchukua ulichukua kama mtani," alisema. "Sina neno. Hizo siku tisa ulinyamaza kama nani?"

Kesho yake nilikuta kofia yangu mezani kwangu, imefuliwa na kupigwa pasi. Tangu siku hiyo akawa ananiamkia kila asubuhi, "Habari za asubuhi, Bwana Kasimu," na ugali wake sikuugusa tena, maana alikuwa akinikaribisha. Nilijaribu. Nilimwita muuza maji mbele ya wapakuzi, akajibu kwamba ni kweli wazee walikuwa na desturi hiyo. Nilimfuata hadi kwake Ipuli kuomba radhi na jogoo mkononi. Alinipokea vizuri sana, akanipa soda, na tulipoagana alinisindikiza mpaka barabarani na kunishukuru kwa kumtembelea. Mkewe, Mungu amrehemu, alinitazama mlangoni kwa huruma kubwa kuliko nilivyostahili. Miaka miwili baadaye alistaafu akiwa hajanitukana hata mara moja.

Kwa hiyo siku ya kuniaga mimi, mwezi uliopita, niliwaomba ninyi mumwalike. Mliniuliza kwa nini namtaka yule mzee mpole kuliko mkurugenzi. Alikuja na koti lake, akakaa mstari wa pili. Meneja alinisifu, mkuu wa utumishi akanisifu, Dada Tabitha akanisifu akitaja na mizani. Kisha mshereheshaji akampa Ndahani kipaza sauti, nami nikakaa sawa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimengoja miaka mingi. Nilitaka aniite mbeba mizigo. Nilitaka adai maji ya baba yangu, aseme ninanuka njiwa, achukue zawadi yangu mezani na kuondoka nayo mbele za watu wote.

Alisimama kwa fimbo. Alinitazama, na nikaona mdomo wake unataka kucheka, nina hakika niliona.

"Bwana Kasimu alikuwa mfanyakazi mzuri," alisema. "Namtakia afya njema."

Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Mkampigia makofi mengi, na mimi nikapiga pamoja nanyi. Mwajuma aliniona nikifuta macho, akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba mzee wa watu amenisifu vizuri.